Mpwa Wangu Yuko Intelijensia

6 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Mama yako ameng'oa jino, sasa ananuna upande mmoja. Juzi alikuja mbele dukani, akalala kwenye godoro la maonyesho mbele ya wateja, akaamka saa tisa akatangaza kwamba ni gumu. Dada yangu hajabadilika.

Baada ya salamu, neno lenyewe. Mama yako ameniambia umepata kazi makao makuu ya kampuni yetu hii hii ya magodoro, ambayo nimeitumikia tangu nikiwa na nywele. Nikamuuliza, idara gani? Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akaninong'oneza: "Intelijensia."

Nilikaa chini, mpwa wangu. Ukoo wetu umetoa walimu, mafundi na mlevi mmoja maarufu, lakini shushushu hatujawahi kutoa. Nimejivuna mpaka vifungo vya shati vinalalamika.

Ndiyo maana nakuandikia na sikupigii. Simu zina masikio, wewe unajua kuliko mimi. Barua hii anakuletea dereva wa lori letu, mtu msiri sana, hata mkewe hajui anabeba nini. Nawe nijibu kwa mkono wake.

Nina shauri moja na swali moja. Shauri: usimwambie yeyote huko kwamba meneja wa tawi hili ni mjomba wako. Mtu wa kazi yako hana ndugu. Swali: mnampeleleza nani? Kama ni yule meneja wa tawi la njia panda, sitashangaa. Macho yake hayatulii.

Huku sijamwambia mtu, isipokuwa kinyozi wa mlango wa pili, na nimemwapisha.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika ikinuka dizeli. Dereva alikataa kunikabidhi mpaka nimtajie jina la bibi mzaa mama. Mimi mzima. Nimepanga chumba ghorofa ya tatu, maji yanapanda mpaka ya pili, kwa hiyo naoga kwa majirani na nimepata marafiki. Mwambie mama asukutue kwa maji ya chumvi, na aache kulala dukani.

Sasa nikusahihishe kabla mambo hayajaharibika. Kazi yangu ni intelijensia ya biashara. Hayo maneno ya mwisho mama ameyameza pamoja na dawa ya jino.

Sikiliza. Kila ukiuza godoro, ile mashine ya risiti pale kaunta inatuma taarifa huku: ni la aina gani, upana gani, limeuzwa siku gani. Matawi yote yanafanya hivyo, na taarifa zote zinamwagwa kwenye ghala moja ndani ya kompyuta. Zinafika chafu, mjomba. Godoro moja la futi nne lina majina mengi kama tapeli: huyu anaandika "futi 4", yule "foti nne", wewe unaandika "la kati". Mimi nazisafisha, ili la kati lako na foti nne ya mwenzako vijulikane kuwa ni kitu kimoja. Kisha nachora. Picha inayopatikana tunaiita dashibodi, kama ile iliyo mbele ya dereva. Haimwambii aende wapi. Inamwambia mafuta yamebaki kiasi gani na injini imechemka kiasi gani, kuamua ni juu yake. Tawi linalouza linawaka kijani, linalolegea njano, linaloanguka jekundu. Wakurugenzi wanatazama, halafu wanaamua lori liende wapi, kiwanda kitengeneze nini, tawi gani lisaidiwe.

Zamani waliamuaje? Mwenye sauti kubwa kikaoni ndiye aliyekuwa na haki. Kuna mwaka walijaza stoo magodoro ya vichanga kwa sababu mke wa mkurugenzi alikuwa mjamzito. Siku hizi hawawezi, mpaka mimba ionekane kwenye takwimu.

Kwa hiyo simpelelezi mtu. Tawi lako ni kijani, hongera. Undugu wetu sijautaja, si kwa siri, hakuna aliyeniuliza tu. Na tafadhali, mjomba, mweleze kinyozi.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuwie radhi, lori lilikawia. Mama yako amepona jino na amerudi kusema kwa midomo yote miwili. Paka amezaa kwenye stoo, juu ya magodoro ya sita kwa sita. Hakutaka ya futi tatu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa na nimekuelewa vizuri. Umejibu kitaalamu. "Tunakusanya taarifa, tunazisafisha, wakubwa wanaamua." Mwenye masikio amesikia! Na hilo la "simpelelezi mtu" ulikuwa huna budi kuliandika. Ningeshangaa kama usingeliandika. Hata hilo jina, dashibodi, ni zuri, halishtui mtu.

Hapa mtaani adabu imeongezeka. Mwenye duka la vipuri, yule aliyeniita Mzee Sponji miaka yote, sasa ananiita Mheshimiwa. Benchi letu la nje, walipokuwa wakishinda wale wazee wa kubishana mpira, liko wazi. Wanapita upande wa pili wa barabara, wananipungia mikono yote miwili, wanakaza mwendo. Nadhani wamepata kazi.

Biashara inakwenda. Polepole kidogo, lakini huu si msimu wa magodoro.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Natumai hamjambo, na watoto wa paka pia. Huku salama.

Nina maswali mafupi. Je, huko mvua ni kubwa? Barabara imekatika? Limefunguliwa duka jingine la magodoro? Nauliza kwa sababu kazi yetu hii ina kilema kimoja: inaona kilichotokea, haioni kwa nini kimetokea. Kwenye mfumo kuna sehemu ya kujaza sababu. Mtu anachagua mvua, barabara, bei, mshindani, au "nyingine". Nawauliza mameneja wote, ni utaratibu wa kawaida tu.

Na lori likichelewa msishangae. Siku hizi safari zake zinapangwa na mfumo.

Msalimie mama. Mwambie nimekumbuka kile chumba cha nyuma ya duka, hata kelele zake.

Mpwa wako


23 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Habari za paka leo sina.

Dereva alipofika, baada ya majuma ambayo sitaki hata kuyahesabu, alinivuta nyuma ya lori akaniambia: "Mzee, pole. Kule ghalani wanasema tawi lako ni jekundu." Dereva, mpwa wangu! Ya nyumbani kwangu nimeyasikia kwa mpita njia. Ulipoandika kwamba unawauliza mameneja wote, nilimpigia yule wa njia panda. Hakuulizwa kitu. Kumbe macho yake yametulia kuliko yako.

Na huo mfumo wako una akili ya ajabu. Umeona siuzi, ukapunguza lori. Lori limepungua, sina cha kuuza. Umeona siuzi.

Hasira zangu zimeishia hapo, kwa sababu nami nimekuficha. Umeuliza sababu. Naijua tangu Aprili, nikaona haya kuiandika.

Kinyozi alitunza kiapo: hakumwambia mtu yeyote ila wateja wake. Na mtu akiwa na wembe shingoni husikiliza kwa makini. Kwanza ikawa mpwa wa meneja ni shushushu. Kisha kampuni yote ikawa ya mashushushu. Kisha mashine ya risiti ikaanza kusikiliza. Sasa tulipofika ni hapa: wanasema ndani ya sponji kuna vinasa sauti.

Fikiri mwenyewe. Mtu akiwa kitandani husema nini? Humsema bosi wake, huwasema wakwe, hutaja majina asiyopaswa kuyataja. Nani atalala juu ya sikio la serikali?

Kuna bwana harusi mmoja alinunua sita kwa sita. Fungate haijaisha, amelirudisha begani, limechanwa kwa kisu katikati kama samaki. Nikamuuliza, "Umeona nini humo?" Akasema, "Hakuna kitu, mzee. Mmeficha vizuri sana."

Haya, ijaze hiyo kwenye sehemu ya sababu.

Mjomba wako


4 Julai

Mjomba, shikamoo, na unisamehe.

Nilipofika kwa bwana harusi nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikalia, akagonga tena.

Nitakuambia yote. Tawi likikaa jekundu robo mwaka nzima, linaingia kwenye orodha ya kufungwa. Kikao ni Septemba. Kanuni hiyo niliiandika mimi nilipokuwa mgeni kazini, na nilipigiwa makofi. Nilikuwa nafikiria matawi, mjomba, sikuwa nafikiria watu. Tawi ni mstari kwenye kioo. Siku mstari wako uliposhuka, nilikaa nikautazama mpaka chai ikapoa, na nikaogopa kukuandikia.

Kwenye sababu nimejaza "nyingine". Mkurugenzi ameuliza nyingine ipi. Nimemwambia uchunguzi unaendelea, na sasa hata mimi naanza kusikika kama shushushu.

Nimezaliwa nyuma ya duka hilo. Nimejifunza kusoma kwenye lebo za magodoro, wewe ukinishikia kidole. Likifungwa kwa mkono wangu sitajisamehe. Nakuomba uwaendee watu, mmoja mmoja au wote kwa pamoja, uwaambie ukweli: mimi ni mtu wa kuchora tu.

Mpwa wako


16 Agosti

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, marahaba tena! Sisi wazima, mama yako mzima, paka mzima, hata goti zima. Keti nikusimulie.

Nilifanya ulivyosema. Nilikodi spika, nikasimama mbele ya duka, nikawaeleza yote: ghala, kusafisha, dashibodi, foti nne na la kati. Nilieleza vizuri, ungenisikia ungenipa kazi. Watu walisikiliza mpaka mwisho, kisha mwenye vipuri akamwambia jirani yake, na mimi nasikia: "Umewahi kuona mtu asiye mpelelezi akikodi spika kusema si mpelelezi?" Siku ile sikuuza hata mto.

Nikalala nikiwaza. Asubuhi nikaingia kwa kinyozi, nikakaa kitini, nikavuta pumzi. Akauliza, "Vipi Mheshimiwa?" Nikasema, "Niache tu. Usimwambie mtu, lakini yule binti amefukuzwa kazi." Wembe ukasimama. "Amefukuzwa? Kafanya nini?" Nikasema, "Hakuwa na siri. Alikuwa anasema ovyo." Nikamwapisha.

Kabla ndevu hazijakauka, mtaa ulishajua. Mchana walianza kuja kunipa pole. Wazee wa mpira walirudi benchini wakiwa na hasira kana kwamba wamefukuzwa wao. Mwenye vipuri alinishika mkono, akasema, "Pole sana, Mzee Sponji." Nusura nimkumbatie. Na mtu akija kutoa pole dukani huona aibu kutoka mikono mitupu. Wengine walikuwa wamelala sakafuni tangu Aprili, mpwa wangu, migongo imekwisha! Bwana harusi amenunua jingine, na hilo halichani. Lori likija nusu halitoshi oda zangu, lije limejaa.

Nisamehe kwa kukufukuza. Ni uongo wa biashara tu. Wewe tulia hapo kazini, ukitazama kijani changu.

Mjomba wako


9 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Natumai wote wazima. Barua yako ilinifikia kabla ya kikao, na niliingia nayo mfukoni.

Mkurugenzi aliwasha dashibodi ukutani, akaelekeza kalamu kwako. "Hili tawi lilikuwa maiti," akasema. "Kwa mwezi mmoja limeyapita yote. Meneja amefanya nini? Nataka matawi yote yafanye hivyo hivyo."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema hali ya hewa. Lakini kama ningesema hivyo, wangeagiza matawi yote yasubiri hali ya hewa, na hiyo ndiyo kazi niliyoapa kutoifanya. Nikasema kweli. Nikasema meneja ni mjomba wangu, nikasema neno intelijensia limefanya nini huko, nikafika mpaka kwenye vinasa sauti na kinyozi. Mtu wa fedha alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa.

Mkurugenzi alishusha kalamu. "Kwa hiyo ukiwa kazini tawi linaanguka, na ukifukuzwa linapanda."

Nikadhani anatania. "Ndivyo takwimu zinavyoonyesha," nikasema.

"Na sisi," akasema, "tuliapa kuamua kwa takwimu."

Barua waliyonipa inasema nimeachishwa kwa kuficha undugu na meneja ninayempima. Hiyo ni haki na sikubishana. Ningekuwa upande wao ningefanya vivyo hivyo. Ila kabla hawajanifungia mfumo, nilichungulia. Mahali pa sababu ya kuondoka kwangu wamejaza "nyingine".

Kwa hiyo hukumdanganya mtu, mjomba. Ulitangulia tu. Sina hasira na wewe. Nina uchovu, na nina hamu ya nyumbani kuliko nilivyowahi kuwa nayo. Kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi, na dereva amesema ataniachia nafasi pale mbele. Nataka nije nilale chumba cha nyuma na mama, nisikie mkibishana, nisitazame rangi yoyote mpaka nipate kazi nyingine. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Nisubirini.

Mpwa wako


27 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole, pole sana. Niliposoma barua yako dukani ilibidi niingie stoo, wateja wasinione.

Huku tunaendelea. Lori sasa linakuja kila wiki. Makao makuu wameniletea cheti chenye fremu. Mama yako amekigeuza kikatazama ukuta.

Kuhusu kuja. Nilikuwa nimeshasema ndiyo. Nilifagia chumba kwa mkono wangu. Kisha nikafanya kosa la kumuuliza mwenye vipuri watu wataonaje. Akasema, "Shushushu afukuzwe, halafu aje alale nyuma ya magodoro? Huyo ametumwa, Sponji. Hata mtoto anajua." Kesho yake wazee wa benchi waliniuliza kama ni kweli unakuja. Waliniuliza wakiwa wamesimama.

Wametuwekea ile dashibodi yako kwenye simu, mameneja wote. Nilikuwa naicheka. Sasa naifungua nikiamka na naifungua nikilala. Ni kijani, mpwa wangu, kijani cha kupendeza. Ukija itageuka, na safari hii kule juu hakuna wa kunijazia sababu. Bado ninahitaji miaka michache tu kabla sijastaafu. Kwa hiyo nakuomba usije. Si daima, mpaka watu wasahau. Naona aibu kuandika hivi, na nimeandika.

Mama yako alitaka nimsomee barua kabla sijaifunga, kwa kuwa miwani yake imevunjika. Nimemsomea mpaka hapo juu. Nikamweleza ni kwa faida ya tawi. Akaniuliza ni tawi gani limewahi kumzika mtu. Hakusubiri jibu. Alikwenda chumbani akafunga mizigo.

Barua hii simpi dereva. Anakuletea mama yako. Amekaa mbele ya lori, ile nafasi uliyoachiwa wewe. Mpokee, mtafutie dawa ya mgongo, safari ni ndefu. Huku hakuniaga.

Mjomba wako